Mpira wa Gesi: Kuuchagua, Kuufunga na Kujua Siku ya Kuutupa

Mtungi wa gesi ukiisha unaubeba hadi kwa wakala, unauacha pale, unaondoka na mwingine. Ule uliouacha hurudi kiwandani. Kwa utaratibu uliowekwa, kabla haujajazwa hutazamwa kama umebonyea au umeliwa na kutu, valvu yake huangaliwa kama inavuja, na kila baada ya miaka kadhaa hupimwa kwa shinikizo la maji. Mtungi una mwenyewe anayewajibika nao, na jina lake limeandikwa ubavuni. Mpira unaotoka kwenye mtungi huo kwenda jikoni hauna mtu wa namna hiyo. Ukishafungwa siku ya kwanza hubaki nyuma ya jiko, kwenye joto, mvuke na mafuta ya kukaangia, mwaka wa tatu, wa sita, wa tisa, na hakuna kampuni itakayokuja kuuulizia. Mkaguzi wake ni wewe unayepika.

Ndiyo maana nasema sehemu hii, iliyo nafuu kuliko zote, inastahili uangalifu mkubwa kuliko zote. Mtungi ni chuma. Regulata ni chuma. Jiko ni chuma na kioo. Katika njia nzima ya gesi, mpira peke yake ndio laini, ndio unaozeeka haraka, ndio unaoweza kutafunwa na panya, kubanwa na mlango wa kabati au kuunguzwa na sufuria. Bei yake haifiki bei ya kujaza mtungi wa kilo 15. Hata hivyo mtu atazunguka Kariakoo siku nzima akilinganisha majiko, halafu mpira auchukue wowote atakaokatiwa.

Na wanaoufunga kwa mara ya kwanza wanaongezeka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Si wote watakaotumia gesi, lakini wengi watatumia, na wengi wao wametoka kwenye mkaa na kuni, ambako hatari zake wanazijua tangu utotoni. Hatari za gesi hazifanani na hizo.

Kinachopita ndani ya mpira

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi imeshinikizwa hadi ikawa kimiminika, na ndiyo maana ukiutikisa unasikia kitu kikicheza. Lita moja ya kimiminika hicho ikitoka nje hugeuka kuwa lita 250 hivi za gesi. Regulata kazi yake ni kuipunguza nguvu ya mtungi hadi takriban milibari 30, kiasi kinachotakiwa na majiko mengi ya nyumbani. Nguvu hiyo ni ndogo mno: tairi la gari dogo hujazwa upepo wa milibari zaidi ya 2,000.

Udogo huo ndio unaowaponza watu. Wanaona mpira wowote utahimili, hata ule wa kumwagilia bustani, na kwa wiki za mwanzo kweli unahimili. Mpira hauharibiki kwa kishindo. Unapata ufa mdogo karibu na klipu, gesi inatoka kidogo kidogo usiku kucha, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa (propani mara moja na nusu, butani mara mbili) haipandi kutokea dirishani. Inashuka sakafuni, inatambaa chini ya kabati na kukusanyika pale penye bonde. Ikifikia asilimia 2 hivi ya hewa ya mahali hapo, cheche yoyote yatosha: swichi ya taa, mota ya friji inayojiwasha yenyewe, kiberiti cha chai ya alfajiri.

Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo unaoujua umetiwa makusudi, kwa kemikali iitwayo merkaptani, ili pua ikuonye. Ni msaada mkubwa, lakini usiutegemee peke yake. Pua huzoea harufu inayokuja polepole, mwenye mafua hasikii kitu, na aliyelala hanusi. Kwa hiyo kazi ya kuzuia uvujaji hufanywa mapema, dukani na siku ya kufunga.

Nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara zilizounganishiwa gesi asilia kwa bomba zinatumia gesi nyingine, iliyo nyepesi kuliko hewa, na vifaa vyake ni tofauti. Ninayoeleza hapa ni ya mitungi tu. Na wewe unayepikia mtungi mdogo wa kilo 3 au 6 uliofungwa bana (kichomeo) juu yake moja kwa moja huna mpira wa kuushughulikia. Chunga washa (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) ya pale bana inapokaa, na usome haya siku utakapolitamani jiko la pleti mbili.

Dukani

Nenda na regulata yako mkononi. Hilo laonekana dogo, lakini makosa mengi ya ufungaji huanza na mpira usioenea. Majiko na regulata nyingi za nyumbani zina mdomo uliotengenezwa kwa mpira wenye tundu la milimita 8, lakini yapo ya tundu kubwa zaidi. Mpira wenye tundu pana hauokolewi na klipu hata uikaze vipi: unajikunja chini ya klipu, na katikati ya mikunjo hiyo gesi inapita. Mpira mwembamba nao utalazimishwa, utapashwa kwa moto wa kiberiti ulegee, na hapo umeshaharibiwa kabla haujapitisha gesi. Ujaribu palepale dukani. Uingie kwa kusukumwa kwa nguvu ya mkono, usiteleze wenyewe.

Kisha soma. Mpira wa gesi wa kweli umeandikwa, na maandishi yanajirudia kila baada ya urefu mfupi ili hata kipande cha mita moja kiwe nayo. Unatafuta mambo manne: kwamba ni wa LPG au wa propani na butani, namba ya kiwango uliotengenezewa, kipenyo na shinikizo unalohimili, na mwaka wa kutengenezwa au wa mwisho wa matumizi. Kwa mipira iliyotoka Uingereza utaona BS 3212, ya Ulaya EN 16436, ya India IS 9573. Alama ya TBS kwa Tanzania, au KEBS kwa Kenya, ni ya kutafutwa pia. Maandishi yanayofutika kwa kusuguliwa kidogo na kidole gumba kwangu ni sababu tosha ya kuurudisha mpira kwenye msumari wake.

Rangi isikushawishi. Rangi ya chungwa hutumika sana kwa mipira ya gesi, na wenye viwanda wasio waaminifu wanalijua hilo kama wewe unavyolijua. Ipo mipira myeusi iliyo mizuri na ya chungwa isiyofaa hata kwa maji. Mpira mwekundu wa mafundi wa kuchomelea vyuma umetengenezwa kwa ajili ya asetilini, wala hauwi wa jikoni kwa sababu tu nao ni wa gesi.

Ukiwa hujaridhika na maandishi, tazama mkato wake. Omba uone ncha iliyokatwa. Mpira mzuri una matabaka: bomba la ndani, kwa kawaida la mpira wa naitraili usiodhurika na gesi, nyuzi zilizosukwa kulizunguka, na ganda la nje la kuhimili mikwaruzo na joto. Ukiona tabaka moja tu lenye rangi ileile kutoka ndani hadi nje, hasa lile linalong'aa kama plastiki, uache. Plastiki ya mipira ya maji imetiwa vilainishi ili ikunjike. Gesi huvinyonya vilainishi hivyo taratibu, plastiki inakauka, inakakamaa na kupasuka pale inapokunjwa. Mpira wa asili usio na kinga nao una shida ya kinyume chake, kwani huvimba na kulegea. Huu wa maji ndio ninaoukuta mara nyingi katika vyumba vya kupanga, na siwezi kusema kwa upole: mpira wa maji hauna muda wa kusubiriwa. Ukiwa nao nyumbani, funga gesi sasa, upike kwa njia nyingine hadi umepata wa gesi.

Ukunje pia. Kunja kipande uwe duara dogo, uchunguze mgongo wake. Nyufa ndogo ndogo zikitokea, au rangi ikigeuka nyeupe pale ulipokunja, mpira huo umezeeka ukiwa dukani. Jambo hili hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu maduka mengi hutundika roli nje barazani kuvutia wateja, na jua la pwani huukausha mpira kila siku. Mwombe muuzaji akukatie wa roli lililo ndani.

"Kaka, naomba nione maandishi kabla hujaukata."

"Dada, huu ni orijino, kila mtu anachukua huu huu."

"Sawa kaka, nionyeshe tu ulipoandikwa."

Usione haya kurudia ombi hilo. Muuzaji mwenye mpira mzuri atalikunjua roli akuonyeshe, na asiye nao atakasirika. Majibu yote mawili yanakusaidia.

Urefu wa mita moja hadi moja na nusu unatosha jikoni. India, ambako mitungi iko karibu kila nyumba, ushauri ni mpira usizidi mita moja na nusu. Sababu zinaeleweka: kila sentimita ya ziada ni sehemu nyingine inayoweza kukanyagwa, kujikunja au kuzeeka. Lakini usiupunguze hadi ukakazana. Mpira uliovutika unajichomoa polepole siku jiko linaposogezwa kufagiwa. Na ukiwa mfupi, usiungwe. Kiungo cha katikati, hata kikiwa cha shaba na klipu mbili, kimeongeza sehemu mbili za kuvujia mahali ambapo hapakuwa na hata moja. Nunua mwingine mrefu.

Kuhusu mpira wenye wavu wa chuma kwa nje, maoni yangu yanategemea unakoishi. Unapendwa kwa sababu ya panya, na kweli panya hutafuna mpira wa kawaida, hasa unaonuka mafuta. Lakini Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hewa ina chumvi. Wavu wa chuma dhaifu hushika kutu, nyuzi zake hukatika na kuchoma mpira ulio chini yake, na kwa kuwa wavu umefunika kila kitu, huoni mpira unavyozeeka. Mwenye shida ya panya aulizie ule wenye waya wa chuma uliozikwa katikati ya matabaka ya mpira. Panya akitafuna ganda, anakutana na waya, nawe unaona jeraha.

Mama lishe, muuza chipsi na wenye migahawa wana habari tofauti. Bana kubwa za kukaangia hutumia regulata ya shinikizo kubwa, ile yenye kitufe cha kuzungusha kuongeza moto, na humo nguvu inaweza kufikia bari moja au zaidi, mara thelathini ya ile ya jikoni kwako. Mpira wa jiko la nyumbani haufungwi hapo. Shinikizo lililoandikwa kwenye mpira lizidi lile la juu kabisa la regulata, na ncha zake ziwe za nati zilizobanwa kiwandani, si za kusukumwa na klipu. Kwa kazi hiyo mwite fundi wa gesi. Vivyo hivyo kwa mitungi ya kilo 38 inayounganishwa miwili miwili.

Siku ya kufunga

Chagua saa ambayo hakuna kinachopikwa, si hapo tu bali hata kwenye jiko la mkaa la jirani mlangoni. Fungua mlango na madirisha. Mtungi usimame wima, kwenye sakafu tambarare. Usiulaze hata kwa dakika chache kwa sababu nafasi ni finyu: ukilala, kinachotoka ni kimiminika, na umeshaona lita moja yake inazaa nini.

Kata ncha za mpira kwa wembe au kisu kikali, mkato ulionyooka. Mkato wa mshazari unaacha upande mmoja mfupi chini ya klipu. Pitisha klipu kwenye mpira kabla ya kuusukuma, maana ukisahau itabidi uuchomoe tena, na mpira uliochomolewa mara nyingi hutanuka. Ukiwa mgumu kuingia, chovya ncha kwenye maji ya moto kwa nusu dakika, au lowesha mdomo wa regulata kwa maji ya sabuni. Usipake mafuta, grisi wala vaselini. Huulainisha mpira na kuufanya uteleze baadaye. Sukuma hadi mpira ufunike mifereji yote ya mdomo na kufika kwenye bega lake.

Klipu ndiyo inayoushikilia mpira, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Nunua mbili za chuma cha pua, za ukubwa unaolingana na mpira wako, zile zinazokazwa kwa bisibisi. Waya wa kufungia nondo hukata mpira. Kamba ya tyubu ya baiskeli hulegea kwa joto. Vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya za umeme hukakamaa na kukatika. Klipu ikae juu ya mifereji ya mdomo, isikae ukingoni kabisa mwa mpira. Ikaze mpaka mpira usizunguke ukiupinda kwa mkono, kisha uache. Mwenye kukaza hadi ganda la mpira likachubuka ameanzisha ufa yeye mwenyewe. Nimeona mafundi wakipima uhodari wao kwa nguvu ya bisibisi; wazuie, ni mpira wako.

Jiko lenye mdomo wa nati badala ya mdomo wa kusukuma lina washa ndani yake. Washa hiyo ndiyo inayozuia gesi, wala si meno ya nati, kwa hiyo iwe mpya na ikae sawa. Kama nati haikubali, usilazimishe: baadhi ya nati za gesi hukazwa kinyume, kuelekea kushoto. Alama yake ni vijifereji vidogo vilivyokatwa kwenye pembe za nati.

Upande wa mtungi, toa kifuniko, chungulia ndani ya valvu. Washa ya mpira iwepo, isiwe imekatika, na pasiwe na mchanga wala mdudu. Washa ikikosekana usijitengenezee. Mrudishie wakala mtungi wake. Kisha kalisha regulata mpaka isikike imeshika, uivute kidogo juu kuhakikisha.

Njia utakayoupitishia mpira huo yafaa uifikirie kabla, si baada. Usipite nyuma ya oveni wala chini ya jiko. Usiguse ubavu unaopata moto. Usipite kwenye tundu la ukuta, dirisha au mlango, kwa maana sehemu isiyoonekana haikaguliki, na kingo za tundu humega mpira kila unapotikisika. Kama unataka mtungi ukae nje, jambo zuri sana ikiwa nje pana kivuli na usalama, sehemu ya ukutani ipitishiwe bomba la shaba na fundi, na mpira ubaki kipande kifupi cha kumalizia ndani. Usiufunge fundo kuondoa urefu uliozidi. Usiulaze mahali mtoto anapotambaa au unapopita na ndoo. Wenye makabati ya jikoni wanaopenda kuuficha mtungi ndani waache matundu chini kabisa ya kabati, usawa wa sakafu, kwa sababu hapo ndipo gesi itakapotafuta pa kutokea.

Povu

Sasa umefunga, na mkono unakwenda kwenye kiberiti. Ngoja. Funga swichi zote za jiko, kisha fungua regulata, ili mpira ujae gesi isiyo na pa kutokea. Chukua bakuli, changanya maji na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hadi yawe mazito kidogo. Kwa sponji au brashi paka pale regulata inapokaa kwenye valvu, paka klipu ya kwanza, paka mpira wote huku ukiukunja taratibu sehemu kwa sehemu, paka klipu ya pili, paka mdomo wa jiko. Tazama kila mahali kwa dakika nzima. Povu la kupaka linatulia na kupungua. Povu la gesi linakua, hata kama ni kitone kimoja kinachofutuka na kupasuka na kufutuka tena.

Likikua, funga regulata, kaza au rudia kufunga, paka upya. Likikua kwenye ngozi ya mpira wenyewe, usizibe kwa utepe wala gundi. Mpira huo umekwisha, hata kama umenunuliwa leo. Likikua kwenye valvu ya mtungi baada ya kubadili mkao wa regulata, mtungi urudi kwa wakala. Ukimaliza, futa sabuni kwa kitambaa chenye maji safi ili isilete kutu kwenye klipu.

Wapo wanaopima kwa njiti ya kiberiti iliyowashwa, wakiipitisha kando ya mpira. Hii si njia ya kupima. Aliyefanya hivyo mara kumi bila madhara alikuwa hana uvujaji mara kumi.

Baada ya hapo washa pleti moja. Mwanzoni moto utarukaruka kwa sababu ya hewa iliyokuwa ndani ya mpira, kisha utulie uwe wa buluu. Moto wa njano unaopaka sufuria masizi mara nyingi hautokani na mpira, bali na bana iliyoziba au regulata isiyolingana na jiko, lakini usiuzoee.

Rudia povu kila unapobadilisha mtungi. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo nafasi pekee ambayo mpira wako utapata ukaguzi.

Umri wake

Mpira hufa kwa miaka hata kama haukutumika. Ushauri ulioenea, kuanzia India hadi Uingereza, ni kuubadilisha kabla haujazidi miaka 5, na regulata ifikapo miaka 10 hivi. Ulioandikwa tarehe ya mwisho, fuata tarehe hiyo hata kama ni mapema zaidi. Kwa jiko la pwani linalopika asubuhi, mchana na jioni, au lililo barazani linapopata jua, mimi singefika 5. Ningeubadili ukiwa na 3. Tatizo ni kwamba hakuna anayekumbuka. Kwa hiyo siku ya kufunga chukua kalamu ya wino usiofutika uandike mwezi na mwaka kwenye kipande cha utepe, ukibandike juu ya regulata, mahali mkono wako unapogusa kila siku. Mpangaji anayehamia nyumba yenye jiko na mpira tayari auhesabu mpira huo kuwa mzee, maana hakuna wa kumwambia vingine.

Usisubiri tarehe ukiona dalili. Mpira uliokakamaa usiokunjika, unaonata mkononi, uliovimba mahali, wenye nyufa karibu na klipu, wenye alama ya meno, uliobabuka kwa joto: wote hubadilishwa siku hiyo. Na klipu zenye kutu ziende pamoja nao.

Ipo tabia moja inayorefusha maisha ya mpira na kukupa usingizi. Unapomaliza kupika usiku, anza kwa kufunga regulata huku moto ukiwaka. Gesi iliyobaki ndani ya mpira itaungua na moto utazima wenyewe baada ya sekunde chache. Ndipo ufunge swichi ya jiko. Mpira unalala mtupu, na ufa uliotokea usiku huo hauna cha kuvujisha.

Ukisikia harufu

Usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima, wala feni, wala simu. Zima moto wowote ulio wazi. Funga regulata. Fungua mlango kwanza, kwa kuwa gesi iko chini, kisha madirisha. Toa watu wote, na ukiwa nje, mbali na nyumba, ndipo upige simu. Tanzania namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114; Kenya piga 999.

Mpira ukishika moto, kinachouzima ni kukatika kwa gesi. Loanisha taulo, funika mkono, funga regulata kama unaweza kuifikia bila kupita kwenye moto. Kama moto uko kwenye valvu yenyewe na huwezi kuifikia, acha kila kitu, ondoka na watu wako. Usiburute mtungi unaowaka kwenda nao nje. Usimwage maji kwenye mafuta ya kukaangia yanayowaka kando yake.

Ukishabadilisha mpira, wa zamani usiutupe mzima jalalani. Kuna mtu atauokota, atauosha na kuufunga nyumbani kwake au kuuuza, kwa sababu kwa nje bado unafanana na mpira. Ukate vipande vya urefu wa kiganja, na klipu zilizoliwa na kutu uzipinde zisitumike tena.